Taa ya tangi la mimea: dirisha, flodilaiti, tyubu au LED ya akwariamu?

Hili swali, taa gani ufunge juu ya tangi la samaki lenye mimea, naulizwa kuliko jingine lolote la samaki, na karibu kila mara linakuja kichwa chini miguu juu. Mtu ashanunua taa, au kashaipenda moja aliyoiona kwenye video, ndo anauliza itaotesha mimea gani. Anza na mimea bwana, na ujiulize kwa ukweli kabisa kwa wiki una masaa mangapi ya kuhangaika na tangi, ukishapata jibu hapo taa zinabaki mbili tu za kuchagua, wakati mwingine moja.

Mimi naichukulia taa kama moto wa jikoni. Mbolea na ile gesi ya CO2 inayolisha mimea ndo mboga na maji vilivyomo chunguni. Moto mkubwa na chungu kitupu, kinaungua. Na tangi likiungua halitoi moshi, linatoa mwani.

Naongea kwa machungu. Tangi langu la kwanza la mimea nilifunga flodilaiti ya wati 50 juu ya lita 60 za maji, masaa kumi na mbili kwa siku, nikijua mimea inapenda jua na jua letu la Dar ni masaa kumi na mbili, hesabu si imekaa sawa? Siku ya tisa maji yalianza kuwa na rangi, wiki ya pili ilikuwa supu ya kisamvu, ukiingiza mkono huoni vidole. Na yale yalipokuja kusafishika nikakuta anubiasi wangu, wale wenye majani magumu kama ngozi, kila jani limeota ndevu nyeusi pembeni, fupi fupi, ngumu, ukivuta zinakuja na kipande cha jani. Hazikutoka. Nilikata majani yote manane nikabaki na kikonyo.

Basi. Kabla ya kulinganisha tukubaliane tunapima nini.

Vigezo

Tangi la mfano liwe la sentimita 60 kwa 30 kwa urefu wa 36, yaani lita sitini na kitu, ukubwa ambao wengi wanaanza nao. Kila taa tutaiangalia kwa mambo haya haya: mwanga unaofika chini kwenye mchanga, rangi, umeme na joto, pesa ya kununua na ya baadae, halafu usumbufu na usalama.

La kwanza linahitaji maneno kidogo. Wenye vipimo wanapima PAR, ambayo ni mwanga ule mimea inaoweza kuutumia, wa mawimbi ya nanomita 400 mpaka 700. Chini kwenye mchanga ukipata PAR 15 mpaka 30 hiyo ni mwanga mdogo, 30 mpaka 50 ni wa kati, kupita 50 ni mkali na huko bila CO2 unatafuta ugomvi. Kipimo chenyewe ni ghali, kwa hiyo wengi wetu tunatumia lumeni kwa lita, yaani kile kipimo cha mwanga wa taa kinachoandikwa kwenye boksi: lumeni 10 mpaka 20 kwa lita ni mdogo, 20 mpaka 40 wa kati, zaidi ya hapo mkali. Kwa tangi letu ina maana 600 mpaka 1,200, halafu 1,200 mpaka 2,400, na kuendelea. Ila ujue lumeni imetengenezwa kwa jicho la binadamu, na jicho letu linapenda kijani na njano, kwa hiyo taa yenye nyekundu na bluu nyingi itasoma lumeni chache wakati mimea inashiba vizuri tu. Ni hesabu ya kukadiria, usiifanye msahafu.

Rangi, tafuta 6500K, ndo ile wanaandika "mwanga wa mchana". Mimea haitagoma ukiweka 5000 au 7000, tofauti kubwa utaiona wewe kwenye rangi ya samaki.

Dirishani

Bure, na hii sio njia ya kuchekwa. Jua la saa sita kamili nje linafika PAR kama 2,000, hakuna taa ya nyumbani inayosogelea hapo. Shida ya dirisha ni kwamba swichi hauna. Leo mawingu, kesho jua kali, na ukirudisha tangi nyuma mita mbili kutoka dirishani mwanga unashuka mpaka mimea inaanza kurefuka shingo kuutafuta.

Kuna kitu wengi hawakijui kuhusu jua la kwetu. Dar ipo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, halafu linahamia kusini mpaka Machi tena. Rafiki yangu wa Tabata aliweka tangi dirisha la kusini mwezi wa sita, likatulia kabisa, samaki wadogo wa gapi wanazaana, mmea wa valisineria unatambaa, akaanza kutoa na ushauri kwa watu. Mwezi wa kumi na moja ananipigia simu kioo chote kijani na hajabadilisha kitu chochote. Yeye hajabadilisha, jua ndo lilibadilisha. Dirisha la mashariki lina unafuu, linapata jua la asubuhi mwaka mzima na likipanda juu linaondoka, ukiweka na pazia la neti hapo umejitahidi.

Rangi ya jua hakuna taa inayoishinda, samaki anang'aa hasa, ila mwanga unatokea ubavuni kwa hiyo mimea inainamia dirishani na kioo cha upande huo kila wiki unasugua. Umeme sifuri, na umeme ukikatika siku nzima mimea haina habari. Joto ndo kesi: chombo kidogo kwenye jua la moja kwa moja kinapita digrii 30 kirahisi, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, utaona samaki wako juu wanahema.

Inamfaa nani? Mtu anayetaka kujaribu kwa chupa kubwa au beseni la kioo, mimea migumu tu, honiwoti, valisineria, ile inayoelea kama kabeji ndogo. Hata yungiyungi ukiwa na beseni barazani itatoa ua. Ila gugu maji usilitupe mtaroni ukilichoka, tafadhali, Ziwa Victoria limeshaona cha moto.

Balbu na flodilaiti za LED

Hii ndo njia ya wengi na wala sio ya aibu, mimea haisomi boksi. Balbu ya wati 9 ya 6500K inatoa lumeni 800 mpaka 900, mbili zinakupeleka 1,700 hivi, kwenye karatasi ni mwanga wa kati. Kwenye karatasi. Balbu inamwaga mwanga pande nyingi, usipoiwekea kofia ya kuurudisha chini nusu inaenda kuangaza dari na sura yako. Ukiiweka ndani ya kile kishikio cha taa ya mezani chenye kofia ya bati, mambo yanabadilika.

Flodilaiti ina afadhali maana inatazama upande mmoja. Ya wati 20 ya kweli inatoa lumeni 1,600 mpaka 2,000, na ikiwa na alama ya IP65 haiogopi maji ya kurukia. Nimesema ya kweli, kwa sababu sokoni zipo zilizoandikwa 50 ambazo ukizipima hazifiki hata nusu, na zipo za 20 zilizo 20 kweli kweli, kwa hiyo usinunue kwa namba, mwambie muuzaji aiwashe dukani pembeni ya nyingine uone kwa macho. Itundike sentimita 20 mpaka 30 juu ya maji, ukiona mwani unaanza pandisha, mimea ikirefuka kwa kutafuta mwanga shusha. Hiyo kamba ya kupandisha na kushusha ndo dima yako, yaani swichi ya kuongeza na kupunguza mwanga.

Rangi: nyeupe iliyo sawa, haina uchawi. Mimea myekundu itaonekana ya kahawia, na samaki wekundu wanapoa kidogo. Umeme wati 20 kwa masaa 8 kila siku ni uniti 4.8 kwa mwezi, huisikii. Bei ndo sababu ya watu kuipenda, ukizunguka Kariakoo hukosi ya bajeti yako, na ikifa unanunua nyingine kesho yake bila kuagiza chochote.

Usalama sasa hapa usinikimbize, ndo kasoro yake kubwa. Huu ni umeme wa volti 230 juu ya maji unayoingiza mkono. Flodilaiti ina mwili wa chuma, kwa hiyo ule waya wa kijani na njano wa ethi lazima ufungwe, na nyingi za bei chee zinakuja na nyaya mbili tu. Kama huna uhakika mwite fundi umeme, hela ya soda tu hiyo. Na waya wa taa uachwe uning'inie chini kuliko soketi halafu ndo upande kuingia kwenye plagi, maji yakitiririka kwenye waya yanadondokea sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Hii fanya kwa taa yoyote, hata pampu.

Inamfaa anayeanza, mwanafunzi, mwenye matangi matano anayeotesha mimea ya kuuza na hajali muonekano, na yeyote anayependa kufunga funga vitu mwenyewe.

Kabla sijasahau, zile taa za zambarau za kuoteshea miche. Zinaotesha, sibishi. Ila sebule inakuwa kama baa na samaki wote wanafanana.

Tyubu za florosenti

Miaka ya nyuma hii ndo ilikuwa habari yenyewe, na mpaka leo kuna matangi mazuri sana yanakula T5. Zipo aina mbili zinazochanganywa: T8 nene ya milimita 26, na T5 nyembamba ya milimita 16. T8 ya wati 18 inatoa kama lumeni 1,300, mwanga mdogo kwenda wa kati, na fremu yake itazidi urefu wa tangi letu kidogo. T5 ile yenye nguvu, wati 24 sentimita 55, inatoa kati ya 1,700 na 2,000 na inakaa vizuri juu ya tangi. Mbili zikiwa na bati la kuakisi, hapo umeingia mwanga mkali.

Uzuri wake ambao LED nyingi zinauota ni kwamba mwanga unatoka kwenye mstari mzima, sio kwenye nukta, kwa hiyo kona zote zinapata, hakuna kivuli kikali chini ya jani. Ukiwa na mimea mirefu iliyosongamana utaielewa hii.

Umeme na joto ndo zinaangusha. T5 mbili ni wati 48, masaa 8 kwa siku, uniti 11 na nusu kwa mwezi. Kama upo kwenye ile tarifu ndogo ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi hizo uniti 11 zinaweza kukutoa, na hapo LUKU, ile mita ya kulipia kabla, itakufundisha adabu. Joto nalo linashuka kwenye maji, chumba cha Dar mwezi wa pili kisicho na AC hakihitaji msaada huo, ila kwa mtu wa Arusha, Mbeya au Nairobi usiku wa baridi hilo joto linaweza kuwa zawadi.

Gharama ya baadae: tyubu inapungua nguvu taratibu, jicho lako linazoea halioni, ndo maana wengi wanabadilisha kila mwaka hata kama inawaka. Halafu kupata tyubu kunazidi kuwa kazi. Ndani yake kuna zebaki, na kwenye Mkataba wa Minamata nchi zilikubaliana mwaka 2023 kwamba kutengeneza, kuuza nje na kuingiza tyubu za florosenti kukome ifikapo 2027, na hoja ya kuziondoa taa hizi ilipelekwa na nchi za Afrika, sio Ulaya kama watu wanavyodhani. Duka likikupa "tyubu" siku hizi jua mara nyingi ni LED iliyovaa umbo la tyubu, sio mbaya, ila hesabu yake ni ile ya balbu.

Usumbufu: stata na balasti, vile vifaa vya kuiwasha na kudhibiti umeme wake, na ikivunjika usifagie kwa mkono mtupu, fungua madirisha kwanza. Inamfaa ambaye tayari anayo fremu nzima na inafanya kazi, aitumie mpaka iishe. Kununua mpya leo, mimi singefanya, ila nimeona mtu kapewa fremu ya tyubu nne bure na mimea yake inanidhalilisha yangu.

LED ya akwariamu

Hizi ni zile nyembamba zinazokaa juu ya kioo kwa miguu miwili au kuning'inizwa, nyingi zinatoka China, za bei nafuu mpaka za bei ya pikipiki iliyotumika. Ya wati 30 yenye diodi, vile vitaa vidogo vidogo, nyeupe pamoja na nyekundu, kijani na bluu, inakupa mwanga wa kati mpaka mkali kwenye tangi letu bila jasho. Na hilo ndo kosa la wanunuzi: anaifungua boksini anaiweka asilimia mia siku ya kwanza, kwenye mimea ambayo haijashika mizizi. Anza na 40 au 50, masaa sita, wiki ya tatu ndo upandishe.

Rangi ndo unapolipia. Mmea wa rotala unakuwa mwekundu kweli, kijani kinakuwa kijani, gapi anaonekana kama kapigwa brashi jana. Picha za matangi ya marehemu Takashi Amano, yule Mjapani aliyefariki 2015 na aliyewaambukiza wengi wetu ugonjwa huu, watu wakiziona wanafikiri siri ni taa. Pale kulikuwa na CO2, mbolea, na mtu anayekata mimea kwa mkasi kila wiki.

Umeme uniti 7 hivi kwa mwezi, joto dogo na linapanda juu. Nyingi zinatumia adapta ya volti 12 au 24, ina maana kilichopo juu ya maji hakiui, hilo kwangu lina thamani kubwa kuliko rangi, hasa nyumba yenye watoto. Na ya volti 12 fundi mzuri anaweza kuifunga kwenye betri ya sola. Ugonjwa wake ni adapta, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndo ya kwanza kufa. Yangu ya kwanza ilikaa miezi minne. Weka stebilaiza, na kabla hujanunua uliza adapta yake inapatikana mtaani au mpaka iagizwe. Diodi moja moja zikianza kuzimika pia mara nyingi huna la kufanya, haifunguki, wakati flodilaiti ungeshabadilisha zamani.

Inamfaa mwenye tangi sebuleni analotaka wageni waulize, mwenye mimea ya zulia, ile inayofunika mchanga, kama monte karlo, na asiyetaka kugusa nyaya.

Pima na simu

Simu nyingi zina sensa ya mwanga juu karibu na kioo, shusha programu ya kupima laksi, yaani mwanga unaoangukia sehemu, weka simu kwenye sakafu ya tangi likiwa tupu na kavu, washa taa. Kwa LED nyeupe ya 6500K gawanya kwa 70 upate PAR ya kukadiria: laksi 1,400 ni kama PAR 20, 3,500 ni kama 50. Simu zinatofautiana na kwa taa zenye nyekundu na bluu nyingi itakudanganya, ila ukitaka kujua kona imepata nusu ya katikati au robo, inatosha kabisa. Mimi niligundua kona zangu mbili zilikuwa zinapata theluthi tu, kumbe ndo maana kila ninachopanda pale kinakufa.

Na taima. Taima ya plagi ni bei ya kawaida na inafanya kazi kubwa kuliko kubadilisha taa. Masaa 6 tangi jipya, 7 au 8 likishatulia. Samaki wakitaka kuonekana usiku wasogezee masaa, washa saa nane mchana zima saa nne usiku, sio kuongeza.

Sasa wewe uko wapi

Una anubiasi, java feni na kriptokorini, hutaki CO2, unabadilisha maji ukikumbuka: balbu mbili zenye kofia au flodilaiti ndogo ya wati 10 mpaka 20 inatosha, na LED ya akwariamu ukiiweka basi iwe chini ya nusu. Zaidi ya hapo unafuga mwani.

Una tangi refu kwenda chini, sentimita 50 na zaidi, na unataka mimea ya mbele ya chini chini: mwanga unatawanyika kabla haujafika, hapo LED yenye nguvu au T5 mbili, au ubadili mawazo uweke mimea mirefu, nayo ni akili.

Umeme wa kwenu unakatika kila siku: dirisha la mashariki likisaidiwa na flodilaiti jioni, au LED ya volti 12 na betri. Mimea ikikosa mwanga siku mbili haifi, wasiwasi wako uwe kwenye hewa ya samaki.

Umepanga, unahama hama: LED ya miguu, unaitoa unaiweka kwenye begi. Usitoboe dari ya mtu.

Unazalisha mimea ya kuuza kwenye mabeseni: flodilaiti, au jua chini ya neti ya kivuli nje, hakuna hesabu nyingine itakayokulipa.

Na kama maji yameshageuka supu ya kisamvu kama yangu, usinunue taa nyingine. Zima iliyopo, funika tangi kwa blanketi siku tatu mpaka nne, pampu ya hewa iwake muda wote, ukifunua badilisha nusu ya maji, na flodilaiti ipande mpaka sentimita 30 juu ya maji.